Namna ya kutafuta chanzo cha video inayokwamakwama kwenye runinga ya nyumbani

Watu wengi wanaposumbuliwa na video inayokwamakwama kwenye runinga huanza kwa kutoa fedha: hununua kebo mpya, hubadilisha kisanduku, au hulipia kifurushi cha intaneti chenye kasi zaidi, na mara nyingi tatizo hubaki palepale. Mwongozo huu unafuata utaratibu tofauti. Unaanza kwa kuitazama hitilafu yenyewe, kwa sababu jinsi picha inavyokwama hueleza kwa kiasi kikubwa ni wapi pa kutafuta, na uchunguzi huo haugharimu kitu isipokuwa dakika chache za utulivu.

Mfano nitakaoutumia ni wa vifaa vilivyoenea majumbani, yaani kisanduku cha Android TV chenye Kodi, programu ya kucheza video, kilichounganishwa na runinga kwa kebo ya HDMI, huku video zikiwa kwenye flashi, kwenye diski ya nje, au kwenye kompyuta nyingine humo humo ndani. Anayetumia Apple TV, Fire TV, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) au programu iliyomo ndani ya runinga yenyewe atakuta majina mengine kwenye menyu, lakini yanayotendeka ni yaleyale. Faili husomwa kutoka mahali lilipohifadhiwa. Kisanduku hulisimbua, yaani hulifungua kutoka hali yake iliyobanwa, na kupata fremu, yaani picha moja moja. Fremu hizo hupelekwa kwenye runinga kwa mwendo fulani. Kisha runinga huzichakata kwa namna yake kabla ya kuzionyesha. Kila mahali katika safari hiyo panapolegea hutoa dalili inayopatambulisha.

Hatua ya kwanza: tazama inakwama vipi

Chagua kipande cha dakika mbili au tatu ambamo kamera inatembea taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa mfano ikionyesha mstari wa nyumba au mandhari ya milima. Watu wawili wakiwa wamekaa na kuzungumza hawafai kwa kazi hii, kwa kuwa picha isiyosogea huficha karibu kila kasoro. Kitazame kipande hicho bila kugusa rimoti na uandike muda ambao picha imekwama. Kisha kirudishe nyuma, ukitazame tena. Kama picha inakwama katika sekunde ileile kila mara, elekeza macho kwenye faili lenyewe au kwenye uwezo wa kisanduku wa kulisimbua. Kama inakwama mahali tofauti kila mara, faili huenda halina kosa, na chanzo kiko kwenye mtandao, joto au umeme.

Zingatia pia sauti inafanya nini. Picha ikisita kwa mapigo yanayolingana, bila kusimama kabisa, na sauti ikaendelea vizuri, karibu kila mara ni mwendo wa fremu usiolingana na mwendo wa skrini. Picha na sauti zikisimama pamoja, kiduara kikazunguka, kisha vyote vikaendelea, data haifiki kwa wakati. Sauti ikienda sawa huku picha ikiburuta na kubaki nyuma, hadi midomo ya waigizaji ikaachana na maneno yao, kisanduku kimeshindwa kusimbua. Video ikianza vizuri kisha ikaharibika baada ya nusu saa, fikiria joto. Na kama skrini inazimika kwa sekunde moja, inatoa vidoa vinavyometameta au kuandika kwamba hakuna mawimbi, hapo ndipo kebo ya HDMI inapostahili kutiliwa shaka. Kebo mbovu haifanyi filamu iende kwa kusitasita huku ikiwa safi; hufikisha picha au huivuruga waziwazi. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kebo ndiyo inayolaumiwa mapema kuliko kifaa kingine chochote, na ndiyo yenye hatia mara chache zaidi.

Kipande ulichokichagua kitunze, na kila utakapobadilisha kitu urudi kukitazama hichohicho. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Aliyebadilisha mipangilio minne kwa pamoja na tatizo likaisha hatajua ni upi uliomsaidia, wala ni upi kati ya ile mitatu mingine utakaomletea shida siku nyingine.

Hatua ya pili: lifahamu faili

Video ikiendelea kucheza ndani ya Kodi, bonyeza herufi O kwenye kibodi iliyounganishwa na kisanduku. Juu ya skrini yatatokea maelezo ya ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na kisimbuzi, yaani sehemu inayosimbua video, kinachotumika. Kwenye kompyuta, programu ya VLC hutoa maelezo ya aina hiyo ukibonyeza Ctrl na J kwa pamoja, na hapohapo huonyesha fremu ngapi zimepotea. Programu ya bure ya MediaInfo hueleza zaidi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye maktaba kubwa ya video. Andika mambo manne: kodeki (mbinu iliyotumika kuibana video), kina cha rangi kwa biti, fremu kwa sekunde, na kiasi cha data kwa sekunde.

Hicho cha mwisho unaweza kukikokotoa mwenyewe. Filamu ya gigabaiti 6 inayodumu dakika 100 ina megabiti 48,000 zilizogawanywa kwa sekunde 6,000, yaani megabiti 8 kwa sekunde, mzigo ambao karibu mtandao wowote wa nyumbani huumudu. Nakala ya diski ya 4K yenye gigabaiti 60 kwa saa mbili huhitaji wastani wa megabiti 67 kwa sekunde, na huo ni wastani tu. Kwenye matukio yenye moshi, mvua au umati wa watu kiasi hicho hupanda juu zaidi. Ndiyo maana filamu inaweza kutulia kwa saa nzima kisha ikakwama kwenye vita vya mwisho.

Hatua ya tatu: linganisha mwendo wa fremu na mwendo wa skrini

Hatua hii inahitaji subira kuliko nyingine zote, kwa sababu hitilafu yake ndiyo iliyoenea zaidi na ndiyo inayoeleweka kidogo zaidi. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, kiwango kilichojiimarisha sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwenye diski na kwenye intaneti, filamu hizo mara nyingi zimehifadhiwa kwa 23.976, yaani 24 iliyogawanywa kwa 1.001, urithi wa mabadiliko yaliyofanyika Marekani mwaka 1953 televisheni ya rangi ilipoingizwa na mwendo wa 60 ukashushwa hadi 59.94. Afrika Mashariki umeme wetu ni wa hezi 50, na televisheni zetu tangu zamani zimefuata fremu 25. Simu nazo kwa kawaida hurekodi kwa fremu 30 au 60. Kwa hiyo maktaba ya video ya nyumba moja ya Mombasa au Dodoma huwa na familia tatu kwa pamoja: filamu za 24, vipindi vya hapa nyumbani vya 25 au 50, na video za simu za 30 au 60.

Skrini nayo huchora picha upya kwa idadi maalumu ya mara kila sekunde, idadi inayopimwa kwa hezi. Visanduku vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa hezi 60, na hubaki hapo vyovyote itakavyokuwa video inayochezwa. Sasa tazama hesabu. Fremu 24 haziingii sawasawa katika 60, hivyo fremu moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili. Moja hukaa milisekunde 50, nyingine milisekunde 33, na kamera iliyokuwa ikitembea kwa ulaini huonekana ikichechemea. Fremu 25 katika 60 hufuata mpangilio mbaya zaidi wa mbili, tatu, mbili, tatu, mbili, na jicho huuona mara moja kwenye maandishi yanayopita chini ya skrini wakati wa taarifa ya habari. Ukiipeleka filamu ya 24 kwenye skrini ya hezi 50, fremu 22 za kila sekunde huonyeshwa mara mbili na mbili zilizobaki huonyeshwa mara tatu, kwa hiyo utahisi picha ikisita mara mbili kila sekunde. Hakuna kilichoharibika katika hali zote hizi. Prosesa haijazidiwa na mtandao uko salama, lakini anayetazama ataapa kwamba kisanduku ni kibovu.

Tiba ni kukiruhusu kisanduku kibadilishe mwendo wa skrini ili ufuate video. Ndani ya Kodi, ingia kwenye mipangilio, kisha Player, kisha Videos, utafute kipengele kilichoandikwa "Adjust display refresh rate" na ukiweke kwenye "On start / stop". Ukikikosa, panda ngazi ya mipangilio kwa kubonyeza alama ya gia iliyo chini upande wa kushoto, kwa kuwa baadhi ya vipengele hufichwa kwenye ngazi za chini. Kuanzia hapo skrini itakuwa nyeusi kwa sekunde moja hadi tatu video inapoanza na inapokwisha. Hiyo ni kawaida: runinga inajipanga upya. Kama maneno ya kwanza ya filamu yanamezwa wakati huo, kuna kipengele jirani kinachosimamisha video kwa muda utakaouchagua, na sekunde mbili au tatu hutosha kwa runinga nyingi.

Kwa programu nyingine, Android TV tangu toleo la 12 ina kipengele cha kulinganisha mwendo wa skrini na maudhui katika mipangilio ya onyesho na sauti, ingawa programu yenyewe lazima ikiombe, na zipo zisizokiomba. Apple TV ilipata kipengele hicho katika toleo la 11.2 la mfumo wake, tvOS, mwezi Desemba 2017, nacho huwekwa kwenye sehemu ya video na sauti. Fire TV inacho pia. Kama kisanduku chako hakina kitu cha namna hiyo, badilisha kwa mkono: hezi 50 kwa vipindi vya hapa nyumbani na mechi zinazorushwa kwa mfumo wetu, hezi 24 kwa filamu. Ni usumbufu, lakini matokeo yake huonekana usiku uleule.

Usiridhike na kuwasha kipengele peke yake. Bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya runinga wakati video inacheza, uone runinga yenyewe inasema inapokea hezi ngapi. Nimeona visanduku vya bei nafuu vilivyo na kipengele hiki kwenye menyu huku vikiendelea kutuma hezi 60 kwa kila kitu, na runinga ndiyo shahidi wa kuaminika katika jambo hili.

Wapo watakaosema kwamba baada ya kufanya yote hayo picha bado inasita, ila mara moja tu kila baada ya muda mrefu. Pima muda huo. Ukiwa karibu sekunde 42, video ni ya 23.976 na skrini iko kwenye 24 kamili; ukiwa karibu sekunde 17, ni 59.94 inayoonyeshwa kwa 60 kamili. Tafuta kwenye orodha ya mwendo wa skrini kama kuna 23.976 na 59.94 zilizoandikwa peke yake, uzichague hizo. Kodi, hasa ikiwa kwenye kompyuta, ina pia kipengele cha kuifanya video ifuate saa ya skrini kwa kuiongeza au kuipunguza kasi kidogo sana pamoja na sauti yake, lakini hakipatani na sauti inayopelekwa ghafi kwenye amplifaya. Itakubidi uchague kimoja.

Runinga yenye paneli ya hezi 120 ina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu 120 ikigawanywa kwa 24 hutoa 5 kamili, na nyingi kati ya hizo zinaweza kuitambua filamu iliyofungwa ndani ya hezi 60 na kuirudisha kwenye mwendo wake wa asili. Paneli ya hezi 60 ya bei ya chini inaweza kupokea hezi 24 kisha yenyewe ikarudia uleule mpangilio wa tatu na mbili. Ukiona kipengele kimewashwa, runinga inaonyesha hezi 24, na filamu bado inachechemea vilevile, huenda umefika kwenye mpaka wa runinga hiyo.

Hatua ya nne: pima uwezo wa kusimbua

Kusimbua video ni kazi nzito, na visanduku vidogo huimudu kwa sababu tu vina sehemu maalumu ya chipu iliyotengenezwa kwa kodeki fulani. Kodeki ikiwa nje ya orodha hiyo, kazi huangukia prosesa ya kawaida, ambayo kwenye kisanduku cha bei nafuu haiwezi kuitimiza. H.264, iliyotoka mwaka 2003, inasimbuliwa na karibu kila kifaa, isipokuwa ile ya biti 10, ambayo vifaa vingi haviigusi kabisa na ambayo imetumika sana kwenye nakala za katuni za Kijapani. HEVC, ambayo huitwa pia H.265, ilitoka mwaka 2013 na inahitaji kifaa cha miaka ya karibuni. AV1 ya mwaka 2018 ndiyo inayowashinda wengi leo. Raspberry Pi ni mfano mzuri wa jinsi mambo haya yasivyofuata umri peke yake: Pi 4 ina sehemu maalumu ya HEVC hadi 4K kwa fremu 60, na ya H.264 hadi 1080 kwa fremu 60. Pi 5, iliyo mpya na yenye nguvu zaidi, imebaki na ya HEVC na kuiachia prosesa kazi ya H.264.

Maelezo ya Kodi uliyoyafungua kwa herufi O yatakueleza hali ilivyo. Mbele ya jina la kisimbuzi huandikwa HW pale chipu maalumu inapofanya kazi, na SW pale prosesa inapobeba mzigo peke yake. Ukiona SW kwenye video ya 4K, usitafute mahali pengine. Kwanza hakikisha kwamba kwenye mipangilio ya Player vipengele vya MediaCodec, njia ya Android ya kuitumia chipu hiyo, vimewashwa, kwa maana vikizimwa, kifaa chenye uwezo hufanya kazi kama kisicho nao. Kama vimewashwa na bado unaona SW, tafuta nakala nyingine ya video hiyo, au ibadilishe kuwa H.264 ya biti 8 kwa programu ya HandBrake kwenye kompyuta, au kuwa HEVC kama kisanduku kinaisimbua.

Anayetumia Plex au Jellyfin, programu zinazotuma video kwa kisanduku kutoka kompyuta nyingine iitwayo seva, aangalie upande wa pili pia. Seva ikiona kwamba kisanduku hakiwezi kusoma faili, huanza kulibadilisha palepale wakati unatazama, na kompyuta ya zamani iliyogeuzwa seva mara nyingi huzidiwa na kazi hiyo. Manukuu, yaani maneno yanayoonekana chini ya picha, yanaweza kuwa chanzo: yale yaliyotoka kwenye diski za Blu-ray ni picha, wala si maandishi, na seva nyingi huyachoma ndani ya video fremu kwa fremu. Yazime kwa dakika mbili. Video ikitulia, tafuta manukuu ya maandishi ya filamu hiyohiyo.

Hatua ya tano: fuata njia ya data

Kipimo bora hapa ni chepesi. Nakili faili linalokwama kwenye hifadhi ya ndani ya kisanduku na ulicheze kutoka hapo. Likienda vizuri, kosa liko kwenye mtandao, flashi au diski, na hakuna mpangilio wa picha utakaolitibu. Likikwama vilevile, rudi kwenye hatua mbili zilizotangulia.

Kwa mtandao wa nyumbani, kebo ya ruta ni bora kuliko Wi-Fi kwa sababu haiyumbi, ingawa kuna tahadhari moja: runinga nyingi, hata za bei kubwa, zina mlango wa kebo wa megabiti 100 tu kwa sekunde, na nakala za diski za 4K zinaweza kuvuka kiwango hicho kwenye matukio mazito. Kwa mafaili hayo Wi-Fi ya gigahezi 5 ndani ya chumba kimoja na ruta inaweza kuishinda kebo. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini unaishiriki na majirani wote wa ghorofa pamoja na oveni ya maikrowevu, na diski ya USB 3 iliyobanwa karibu na kisanduku huivuruga pia kwa kelele zake za redio. Sogeza diski hiyo kwa kebo ya nusu mita kabla ya kununua ruta nyingine.

Flashi na diski za nje zina matatizo yao. Tundu la USB 2 hutoa umeme wa miliampea 500, kiasi ambacho baadhi ya diski zinazozunguka hazitosheki nacho. Hujizima na kuwaka tena katikati ya filamu, na ukiweka sikio karibu utasikia mlio wa kuwaka upya. Itafutie diski ya namna hiyo umeme wake yenyewe. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na watu hulikata vipande na kupata mkwamo kwenye kila kiungo. Ipange upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, maana vitafutika.

Kodi huweka akiba ya data mbele ya mahali unapotazama, na kwa kawaida akiba hiyo ni megabaiti 20. Kwa video ya megabiti 67 kwa sekunde, hiyo ni chini ya sekunde mbili na nusu. Tangu toleo la 21 ukubwa huu hubadilishwa kwenye mipangilio, sehemu ya Services, kisha Caching. Kuuongeza hadi megabaiti 128 au zaidi kwenye kisanduku chenye RAM ya gigabaiti 2 husaidia pale Wi-Fi inapoyumba kwa muda mfupi. Hata hivyo akiba ni kama tangi la maji juu ya paa: huvumilia bomba linalokatika mara kwa mara, lakini bomba likiwa jembamba kuliko matumizi ya nyumba, tangi lolote litakauka.

Kwa video za intaneti, Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080 na megabiti 15 kwa 4K. Pima kasi kwenye runinga au kisanduku chenyewe, katika saa unazotazama, kwa kuwa kipimo cha simu iliyo kando ya ruta saa nne asubuhi hakielezi kinachotokea sebuleni saa tatu usiku. Soma pia masharti ya kifurushi chako. Baadhi ya vifurushi vinavyotangazwa kuwa havina kikomo hupunguza kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi, na video huwa ya kwanza kuumia. Programu ya YouTube ina kipengele cha takwimu kwenye menyu ya video inayocheza, nacho huonyesha idadi ya fremu zilizoachwa na sekunde za akiba zilizobaki. Akiba ikiwa nyingi na fremu zinaachwa, si intaneti, ni kisanduku.

Hatua ya sita: joto, umeme na nafasi

Kisanduku kilichobandikwa nyuma ya runinga kwenye chumba kisicho na feni, hasa katika miji ya pwani, hupata joto mara mbili: la kwake na la runinga. Chipu ikizidi kiwango hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Raspberry Pi huanza kufanya hivyo kwenye nyuzi 80 za Selsiasi. Kitoe hapo ukiweke mahali pa wazi, kiache kipoe, urudie kipande chako cha majaribio. Tumia chaja iliyokuja na kifaa. Raspberry Pi huonyesha alama ya radi umeme unaposhuka chini ya volti 4.63, na alama hiyo si ya kupuuzwa. Hifadhi ya ndani ikijaa, futa programu usizozitumia na uzime kisanduku kabisa, kisha ukiwashe.

Hatua ya saba: runinga yenyewe

Runinga za leo hubuni fremu za katikati ili mwendo uonekane laini zaidi. LG huita kazi hiyo TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Pale runinga inapokosea kukisia, picha hutiririka kwa ulaini kisha husita ghafla, kisha hutiririka tena, na mtazamaji hudhani kisanduku kinaruka fremu. Zima kazi hiyo kabisa na ujaribu. Njia fupi ni kuchagua Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 na inayopatikana kwenye runinga za kampuni kadhaa, kwa kuwa huizima pamoja na marekebisho mengine mengi.

Kwenye runinga ya OLED unaweza kukuta baada ya kuzima kwamba kamera inayotembea inaonekana kuruka zaidi kuliko ilivyokuwa. Paneli hizo hubadilisha picha kwa haraka mno kiasi kwamba kila fremu ya filamu husimama wazi kwa milisekunde 42 nzima, bila ule ukungu mdogo ambao skrini za LCD huuongeza kati ya fremu na fremu. Kwa hali hiyo naona ni sahihi kuwasha ulainishaji kwa kiwango cha chini, moja au mbili kati ya kumi, na kuuacha hapo. Viwango vya juu huifanya filamu iliyopigwa kwa uangalifu mkubwa ifanane na mahojiano ya studioni, na kazi ya mpigapicha hupotea. Ili kujua kama umebaki na hitilafu au na tabia ya fremu 24 yenyewe, cheza video ya fremu 50 au 60, kwa mfano mechi ya mpira. Ikienda vizuri kabisa, vifaa vyako ni vizima.

Video za harusi na sherehe zilizorekodiwa kwa simu zina tatizo ambalo halimo katika hatua hizo. Simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na runinga haijui ifuate mwendo upi. Zipitishe kwenye HandBrake kwa kuchagua mwendo usiobadilika wa fremu 30, na utunze nakala za asili.

Ukithibitisha kwamba kisanduku hakina chipu ya kodeki unazozihitaji, au hakibadilishi mwendo wa skrini, ndipo kukibadilisha kunapokuwa matumizi halali ya fedha. Maandishi ya 4K kwenye boksi hayatoshi. Nenda dukani na flashi yenye vipande vitatu, cha fremu 24, cha 25 na cha AV1, umwombe muuzaji avicheze kwenye runinga ya dukani, na ubonyeze kitufe cha taarifa kuona hezi zinabadilika kabla ya kulipa.